Kiwiko cha Bomba

Mavlodod alipiga magoti mbele ya jiko la chuma alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe, na wanaume watatu wakasimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia kisogoni.

"Anza," alisema Odinasho, mkubwa wao. "Na usituletee uso wa msiba. Hapa hakuna wa kukuhurumia."

Ilikuwa siku ya nne tangu ndugu yao Qurbonsho akutwe amekufa kando ya jiko hilo, uso umemwiva kama mtu aliyeshinda juani. Moshi ndio uliomuua. Hilo bonde zima lilijua. Ila nyumba yenye msiba haiwashi moto siku tatu, kwa hiyo jiko lilikuwa vilevile lilivyoachwa, majivu yake ndani, na hakuna aliyejua moshi ulizuiwa na nini.

"Sikiliza, mkwe," Mavlodod alianza.

"Usiniite mkwe. Ulitupa binti, ukatupa na jiko. Kimoja kati ya hivyo viwili kimemuua ndugu yangu. Jiko likiwa bovu, tutamalizana na wewe. Likiwa zima, tutamuuliza binti yako ilikuwaje mume afie chumbani na mke yuko zizini."

Savsan, binti wa Mavlodod, alikuwa ameketi pembeni, mtandio ameushusha hadi kwenye nyusi. Chini ya taya palikuwa na alama ya kipigo iliyoanza kugeuka manjano. Hakuna aliyemuuliza habari ya alama hiyo.

Asubuhi Zarbonu, mkewe Mavlodod, alimshika mkono wakati anatoka. "Usikague chochote," alimwambia. "Waambie ulikosea, yaishe." Akamjibu kwamba kwa miaka thelathini hajawahi kutengeneza jiko la kuua mtu. Hata hivyo alimwelewa. Jumatatu, siku ya mwisho ya Qurbonsho, Zarbonu alikwenda kumpelekea binti yao mkate, na Qurbonsho, amelewa, akamfukuza mlangoni. Mwanao yuko zizini, alimwambia, analala na ng'ombe wenzake. Zarbonu alirudi nyumbani na mkate wake vilevile kwenye kitambaa.

Mavlodod aliweka karatasi kwenye ukingo wa jiko, akafunga mlango, akaivuta. Ikakwama. Mlango ulibana vizuri.

"Unacheza?" aliuliza Odinasho.

"Naangalia kama moshi unavujia hapa."

"Na?"

 Mavlodod alichungulia kibati cha ndani ya bomba la kutolea moshi, cha kupunguzia moto. Kilikuwa wazi, kama inavyotakiwa. Akakwangua bomba kwa kisu. Masizi yalikuwa membamba na makavu, ya kuni za mreteni zilizokauka sawasawa. Savsan alikuwa akilisafisha kila wiki, kama alivyomfundisha. Kila alichokigusa kilikuwa kizima, na kila kilichokuwa kizima kilimsogeza binti yake karibu na mikono ya wanaume wale.

"Umekuwa bubu, fundi."

"Kimebaki kiwiko."

Aliachanisha bomba pale linapopinda kuelekea paani, akaingiza mkono mpaka kwapani. Vidole vikagusa kitambaa. Kilikuwa kimeviringishwa na kushindiliwa kutoka juu kwa fimbo ndefu. Paa la nyumba ile limeegemea mlima. Hata mtoto angeweza kulifikia kutokea zizini.

Hakugeuka.

"Kuna nini humo?" aliuliza Odinasho.

"Masizi."

Akakivuta taratibu. Kilitoka cheusi tii, hakitambuliki. Mgongo wake ukiwakinga, akakisukuma kifuani ndani ya shati. Kisha akachota konzi ya masizi, akageuka, akawaonyesha.

"Kosa ni langu," alisema. "Kiwiko nilikikata chembamba. Kimeziba."

Odinasho aliokota nyundo ya Mavlodod mwenyewe, akalipiga jiko mpaka mlango ukang'oka. Mavlodod alidhani pigo linalofuata ni lake. Alijikaza, akangoja.

"Miaka thelathini unajisifu," Odinasho alisema, akihema. "Umeua wangapi wengine tusiowajua? Nitapita kijiji kwa kijiji. Hakuna nyumba itakayobaki na jiko lako. Watayatupa mtoni yote, na wewe utakufa unaomba mkate." Akatupa nyundo chini, akamnyooshea Savsan kidole. "Na huyu mchukue. Hatutaki kitu chako humu ndani."

Savsan alikusanya nguo zake kwenye furushi moja, akamfuata baba yake. Wanaume waliwatazama mpaka walipoteremka mlima, na mmoja akawarushia jiwe lililoangukia kwenye theluji nyuma yao. Walipovuka daraja, Savsan alimgeukia.

"Baba, kiwiko kilikuwa kipana. Nilikuwa nakisafisha kwa mkono wangu."

"Najua."

"Sasa mbona umesema vile? Umejiharibia kazi yako yote."

"Tusilizungumze tena, mwanangu. Lolote ulilofanya limekwisha. Hata mama yako hatajua."

Savsan akasimama. "Nilifanya nini?"

 Mavlodod akashuka ukingoni mwa mto, mahali barafu ilipopasuka, akachuchumaa, akakitoa kile kitambaa kifuani na kukitumbukiza majini. Masizi yakatoka mawimbi kwa mawimbi. Ikaonekana pamba, ukaonekana mshono, kikaonekana kiraka kwenye kiwiko.

Ulikuwa mkono wa koti kuukuu la Mavlodod mwenyewe, lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango nyumbani kwake mpaka Jumatatu jioni.