Sharti la Saba

Sharti la saba kwa wageni wa chumba tulichoanza kukodisha nyumbani lilikuwa la mama mkwe wangu, Eneida: mgeni asikalie kiti cha kubembea kilicho dirishani. Kilikuwa cha marehemu mumewe, na kwa miaka minne hakuna aliyekikalia.

"Tutafukuza wageni kwa ajili ya kiti, mama?" nilimuuliza.

"Andika! Au shule ya jioni ulienda kujifunza kubishana na wakwe?"

Nikaandika, nikabandika karatasi mlangoni.

Mgeni wetu wa kwanza alitoka Santiago na mtoto mchanga. Nilipompelekea kahawa, Eneida akinifuata, tulimkuta dirishani akinyonyesha. Kiti kile kile.

"Binti, hukusoma la saba?"

"Mungu wangu! Nisamehe, mama, miguu ilikuwa inaniuma." Akainuka ghafla, mtoto bado yuko kwenye ziwa.

Kiti kikabaki kinabembea kitupu. Mbele, nyuma, mbele. Hapa Cienfuegos hata watoto wanajua kwamba kiti kitupu kikibembea kinaita kifo nyumbani, na nyumba ilikuwa na wachanga wawili, wa mgeni na wangu.

Eneida aliruka akaukamata mkono wa kiti. Kiti kikatulia. Kidole gumba chake kikapapasa pale mbao ilipolika na kung'aa, pale mumewe alipokuwa akiegemeza kiwiko.

Mtoto wa mgeni akaanza kulia.

"Keti, binti," Eneida alisema. "Hajashiba huyo."

Kisha akanigeukia. "Na wewe unashangaa nini? Lete kalamu."