Nyundo Laini

Fundi alichomoa sindano kwenye nyundo ya mwisho, akajua amelikoroga. Sufu ya nyundo za piano ukiichoma kidogo, sauti hupoa. Ukizidisha, ndiyo basi tena, maji yakimwagika hayazoleki.

“Lainisha tu,” binti wa mwenye piano alikuwa akimhimiza tangu asubuhi. “Mama akipiga anatupasua vichwa, na kumwambia siwezi.”

Mama mwenyewe akatoka chumbani, akaketi, akanyoosha vidole vyake vilivyopinda. Akapiga. Piano ikajibu kama mtu aliyefunikwa mto.

Akapiga tena, kwa nguvu zake zote. Kisha akajipapasa sikio la kushoto, halafu la kulia.

“Fundi, mwanangu, wewe unaisikia vizuri?”

Nyuma yake binti alikuwa ameweka kidole mdomoni, macho yakimsihi fundi.

Fundi akaitazama sindano. Nyuzi za sufu zilikuwa bado zimeing’ang’ania.

“Naisikia vizuri, mama.”

“Aa. Basi masikio ndiyo hayo yameniaga.”

Akakifunga kifuniko polepole, akageuka, akamkabidhi bintiye ufunguo wa piano.