Blanketi la Farajalla

Tangu aache jeshi na kuja kulima huku porini, nchi ya watu, Farajalla alikuwa na tabia moja tu mbaya: akiamka anavaa buti, anakunja blanketi, analifunga kamba, analiweka mlangoni, kama mtu anayeondoka. Mkewe Sikitu moyo unamruka kila asubuhi.

Leo alipolivuta, likagoma. Mtoto wao wa wiki moja kalala juu yake, mdomo wazi!

"Mvute na yeye basi, afande," Sikitu akamchokoza, lakini jicho liko kwenye kamba. "Si unasafiri?"

"Nani kasema nasafiri? Punguza sauti, mama, utamwamsha."

Farajalla akachuchumaa, akavua buti zake za jeshi taratibu, akazipanga pembeni ya ndara za Sikitu, akanyata peku kwenda kuwasha moto.