Mikono ya Mwajabu

Siku hizo kila mzazi wa mtoto mwenye kisukari alibandikwa kidude cha kumhisisha sukari ya mwanawe, na zamu yake ilipofika Mwajabu aliamka akiimba. Tangu binti yake Shadya, wa miaka mitano, aambiwe ana ugonjwa huo, usingizi ulikuwa umemhama. Nesi akambandika begani kidude hicho, kidogo kama kifungo cha shati, na kingine akambandika mtoto.

"Sukari yake ikishuka, utatetemeka wewe kwanza," nesi alimwambia. "Ukihisi hivyo, mpe kitu kitamu haraka."

Jioni ileile Mwajabu alikuwa akisukuma chapati, mara mikono ikaanza kutetemeka. Alitoka mbio na glasi ya juisi, nusu ikimwagika njiani, unga umemjaa hadi viwiko. Akamkuta Shadya anaruka kamba na wenzake, hana habari. Mtoto akanywa, na baada ya muda mikono ya mama ikatulia. Majirani wakapiga vigelegele. Mwajabu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampigia simu mumewe, kisha mama mkwe.

Kesho yake alisukuma chapati zote bila kutetemeka hata kidogo. Akatoka kwa furaha kumtazama mwanawe. Wenzake walikuwa wakiruka kamba, naye Shadya ameketi kizingitini, amekumbatia magoti.

"Mbona huchezi, mwanangu?"

"Nikicheza, wewe unatetemeka."

Mwajabu alifungua kinywa amwambie akacheze. Kisha akaitazama mikono yake ilivyotulia, akaketi kando yake.