Bangili ya Somoe

Siku hizi kila mwajiriwa huvaa bangili, na anachokihisi yeye, bosi wake hukihisi vilevile. Kwa Adelina, mwenye kiwanda cha juisi, ilikuwa raha tupu. Alishaacha kuwabagua wajawazito na kuwafokea wazee, na sasa furaha ya wafanyakazi wake ilimfuata mpaka nyumbani. Alipika huku akicheza, bila hata muziki.

Jumamosi hiyo kiwanda chake kilitangazwa kuwa mahali bora pa kazi mkoani. Ndugu walijaa sebuleni kwa vigelegele. Katikati ya shangwe, Adelina akamwita Somoe, dada wa kazi.

“Sheria ya bangili haiwataji wafanyakazi wa majumbani, lakini leo na wewe nakuvalisha yako, mwanangu.”

“Jamani mama, hata mimi?” Somoe alinyoosha mkono akicheka.

Bangili ikawaka. Furaha ya Somoe ikamjaa Adelina kifuani, kubwa kuliko ya kiwanda kizima. Wakakumbatiana, wakacheza mpaka kitenge cha Adelina kikafunguka na watu wakavunjika mbavu.

Keki ikakatwa. Sahani nzuri zikatolewa kabatini, kila mgeni akapata yake.

“Na Somoe je?” shangazi aliuliza.

“Mwekee kwenye ile sahani yake ya plastiki, iko chini ya sinki,” alisema Adelina, bado anahema kwa kucheza. “Atakulia jikoni.”

“Asante, mama,” alijibu Somoe, kwa tabasamu lilelile.

Adelina akatia kipande cha keki mdomoni. Uchungu usio wake ukamjaa kifuani.