Daftari la Juzuu

"Hivi Bi Zuwena, kwa mwaka wahitimu Msahafu mara ngapi?" Jirani alimuuliza siku moja kwa mzaha, na tangu hapo kila juzuu aliyoimaliza aliipigia mstari daftarini.

Sasa mwaka umekwisha, na daftari liko mikononi mwa mwanawe.

"Muharamu thelathini, mashaallah," alisema Mbwana. "Ramadhani kumi. Mwezi huu moja! Mama, ni macho?"

"Macho yangu mazima, baba. Ni wageni tu walionishughulisha."

Mbwana alikwisha kuapa kwamba macho yakimshinda mama yake, nyumba hii aliyoachiwa na marehemu mumewe itafungwa, naye atahamishiwa kwake, mji wa mbali.

Mbwana akafunua Msahafu, akamwekea mbele. "Haya, nisomee hapa."

Bi Zuwena aliona ukungu mtupu. Alipiga Bismillahi, akaanza Yasini aliyoihifadhi tangu utotoni, chuoni, kidole kikitembea juu ya ukungu, huku moyoni akimwomba Mola ukurasa uwe ndio huo.

"Mama, hapa si Yasini," alisema Mbwana. Kisha Bi Zuwena alisikia ufunguo wa mlango mkubwa ukitunguliwa msumarini, na hatua za mwanawe zikatoka nje bila neno jingine.