Uso Nyuma ya Kabati

Katika mji ule, picha zilichorwa na mashine tu. Aliyefikia utu uzima akiwa bado anachora kwa mkono alifukuzwa. Siku Mwanasiti alipotimiza umri, walinzi waliingia chumbani wakaliendea kabati moja kwa moja na kulisogeza. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na uso wa bibi yake, kwa mkaa.

“Bibi, uliyejua ni wewe peke yako. Na wewe ndiwe uliyenifundisha,” Mwanasiti alimwambia bibi yake, aliyeingia nyuma ya walinzi.

“Nimekuombea msamaha, mjukuu wangu. Ufute tu, tubaki pamoja.” Bibi akamnyooshea kitambaa kilicholowa.

Mwanasiti hakukipokea. Aliokota mkaa, akaanza kulichora jicho la pili, lililokuwa bado. Walinzi wakasubiri mlangoni. Bibi, kwa mazoea, akainua kidevu na kutulia.